Kukonda na Yai la Uzazi: Kipi Kweli, Kipi Si Kweli

Msimu wa harusi ukikaribia, bibi harusi hupewa ushauri mwingi, na mmoja haukosekani: apungue, gauni limkae vizuri. Miezi michache baada ya sherehe, watu walewale huanza kumtazama tumbo. Jambo ambalo halisemwi kwenye unyago wala kwenye vikao vya kamati ni kwamba mwili ulioshushwa uzito kwa nguvu unaweza kuacha kupevusha yai, tena bila kutoa tangazo.

Kazi ya kupevusha yai huanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo hutoa homoni ya GnRH kwa mapigo, kila baada ya dakika 60 hadi 90 hivi katika siku za kuandaa yai. Mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari, nayo hutuma homoni za FSH na LH kwenye ovari. Yai hukua ndani ya kifuko chake, estrojeni hupanda, kisha LH huruka ghafla, na saa 36 hivi baadaye yai hutoka. Mapigo ya mwanzo yakidhoofika, yote yanayofuata hukwama.

Chakula kikiwa hakitoshi, haipothalamasi hupunguza mapigo. Mwili hufanya kama mwenye nyumba ambaye mshahara umechelewa: kodi na unga hulipwa kwanza, sherehe huahirishwa. Moyo, ubongo na joto la mwili haviwezi kusubiri. Mimba inaweza, kwa kuwa itadai chakula kwa miezi 9 na maziwa baada ya hapo. Hesabu hiyo ndiyo itakayotusaidia kupima maneno yafuatayo, ambayo huzunguka saluni, jimu na barazani.

1. "Mwanamke mwembamba hapevushi yai."
SI KWELI.

Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu mzima kuwa na uzito pungufu pale BMI yake inapokuwa chini ya 18.5. BMI hupatikana kwa kugawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mwanamke wa sentimita 160, mpaka huo uko kwenye kilo 47 na ushei. Chini ya hapo, uwezekano wa mzunguko kuvurugika huongezeka. Lakini mpaka huo umetokana na takwimu za watu wengi, na haumhukumu mtu mmoja mmoja.

Watazame wafugaji wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Watafiti wakiongozwa na Michael Little na Paul Leslie walifanya kazi huko kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980. Waliwakuta wanawake warefu, wembamba sana, wenye mafuta kidogo mwilini, na ambao pamoja na hayo yote walikuwa na watoto wengi. Wembamba peke yake haukuwazuia.

Damu ya ukoo nayo ina sehemu yake. Mwaka 2011, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake waliokatikiwa na hedhi kwa sababu ya kukonda, mazoezi au msongo. Baadhi yao walikutwa na mabadiliko kwenye jeni zinazosimamia GnRH. Huenda ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kupunguza kilo zilezile, mmoja akakosa hedhi na mwenzake asikose hata siku moja.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanamke mwembamba ni hili: umekuwa hivyo tangu usichana, au umekonda juzi? Aliyezaliwa na umbo jembamba, anakula akashiba na kuingia mwezini kwa mpangilio, hana sababu ya kujilazimisha kunenepa.

2. "Lazima uwe na asilimia 22 ya mafuta mwilini, la sivyo hedhi hukatika."
SI KWELI KAMILI.

Namba hii ina asili yake. Mwaka 1974, Rose Frisch wa Harvard na mwenzake Janet McArthur walichapisha kwenye jarida la Science hoja kwamba msichana anahitaji mafuta ya asilimia 17 hivi ili avunje ungo, na mwanamke mzima asilimia 22 hivi ili mzunguko wake uendelee. Hoja hiyo iliwafumbua macho madaktari wengi, maana hapo awali kukatika kwa hedhi kwa watu waliokonda mara nyingi kulihesabiwa kuwa ni shida ya akili. Lakini kadiri vipimo vilivyoongezeka, ndivyo walivyoonekana wanawake walio chini ya mpaka huo wanaopata hedhi bila shida, na walio juu yake wanaoikosa.

Hata hivyo, mafuta yana sauti yake. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo hali ya akiba. Leptini hushuka unapokonda, lakini pia hushuka haraka ukipunguza chakula hata kabla mafuta yenyewe hayajaisha. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waliwapa leptini wanawake 8 ambao hedhi zao zilikuwa zimekatika kwa namna hii. Watatu wakapevusha yai, na hawakuwa wameongezeka uzito. Ubongo wao ulikuwa ukisubiri taarifa kwamba chakula kipo.

3. "Uzito wangu ni wa kawaida, kwa hiyo hili halinihusu."
SI KWELI.

Hili ndilo kosa linalowapoteza wengi, wahudumu wa afya wakiwemo. Mwanamke akiingia chumba cha daktari akiwa na kilo 60, hakuna anayewaza njaa.

Anne Loucks wa Chuo Kikuu cha Ohio aliwaza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, yeye na mwenzake waliwachukua wasichana wenye afya na mzunguko wa kawaida, wakawapangia chakula na mazoezi kwa siku 5 tu. Walichokipima ni nishati inayobaki kwa ajili ya kuendesha mwili baada ya mazoezi kuchukua yake. Iliposhuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta, mapigo ya LH yalianza kwenda mrama. Kadiri ilivyoshuka zaidi, ndivyo mapigo yalivyozidi kupungua.

Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Mwanamke ana kilo 60, urefu wa sentimita 165, na BMI yake ni 22, ya kupendeza. Robo ya mwili wake ni mafuta, kwa hiyo mwili usio na mafuta ni kilo 45. Asubuhi anakunywa chai ya rangi bila sukari na mayai mawili. Mchana ni samaki na kachumbari, ugali kaukataa. Usiku anakula papai akalala. Tuseme jumla ni kalori 1,500. Jioni alikwenda jimu akachoma 400. Zimebaki 1,100. Gawanya kwa 45: unapata 24 na ushei.

Yuko chini ya 30. Kioo kinamwambia yuko sawa, na mizani inamwambia yuko sawa, lakini haipothalamasi yake imekwisha kuona pengo. Mpaka wa 30 nao si ukuta, kwani wapo wanaovurugika juu yake na wapo wanaostahimili chini yake. Lakini unaonyesha jambo ambalo BMI haiwezi kulionyesha: mwili huangalia kinachobaki, si umbo tu.

4. "Ukikonda kidogo tu, yai halishtuki."
SI KWELI.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka msituni Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Huko wanaishi Walese, wakulima wanaokata msitu na kulima mihogo, ndizi, karanga na mpunga. Mavuno ya mwaka yakiwa mabaya, ghala huisha kabla ya mavuno mengine, na kila nyumba hupungua uzito.

Katika miaka ya 1980, Peter Ellison wa Harvard na wenzake waliwaomba wanawake wa Kilese wateme mate kwenye vichupa, kwa kuwa projesteroni huonekana kwenye mate kama inavyoonekana kwenye damu. Homoni hiyo hupanda yai likishatoka. Isipopanda, ni ishara kwamba mwezi huo yai halikutoka. Msimu wa njaa wanawake walipopungua, projesteroni yao ilishuka na mizunguko yenye yai ikawa michache. Hata kuzaliwa kwa watoto kulifuata majira: mimba zilipungua wakati wa njaa na kuongezeka chakula kiliporudi.

Hawa hawakuwa watu waliobaki mifupa. Walikuwa wanawake wanaolima, wanaopika, wanaobeba kuni, ambao kilo zao zilipungua kama zinavyopungua za mtu yeyote aliyeambiwa aache wanga kwa miezi miwili. Tofauti ni kwamba wao walinyimwa na mvua, wewe unajinyima mwenyewe. Haipothalamasi haitofautishi.

5. "Maadamu naziona siku zangu kila mwezi, yai linapevuka."
SI KWELI.

Yai hutoweka mapema, na damu huweza kukatika mwisho kabisa. Nishati inapopungua taratibu, mzunguko hupita hatua kadhaa. Kwanza nusu ya pili, baada ya yai kutoka, hufupika na projesteroni hushuka. Kisha unafika mwezi ambao yai halitoki kabisa, ingawa ukuta wa kizazi ulijengeka kidogo na ukabomoka, damu ikatoka. Baadaye mizunguko hurefuka, siku 38, siku 45, na mwisho hedhi hukatika. Tafiti za wanawake wanaokimbia kwa kujifurahisha zimeonyesha hatua hizo za mwanzo kwa watu ambao kalenda yao ilikuwa safi kabisa.

Zipo njia za kujua. Ute unaovutika kama ute wa yai la kuku katikati ya mzunguko ni dalili kwamba estrojeni imepanda. Joto la asubuhi kabla ya kuondoka kitandani hupanda kidogo yai likishatoka, na hubaki juu hadi hedhi. Vijiti vya kupima LH kwenye mkojo huonyesha kwamba LH imeruka, ingawa mara nyingine yai halifuati. Kipimo chenye uhakika zaidi ni projesteroni ya damu, siku 7 hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa. Wengi huambiwa "siku ya 21", lakini siku hiyo ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 ataambiwa hana yai, kumbe ndiyo kwanza linatoka.

Programu ya simu inayokupangia "siku za hatari" haipimi chochote. Inahesabu tarehe na kubahatisha.

6. "Mwanariadha asiyepata hedhi ameiva kimazoezi."
SI KWELI, na ni hatari.

Kauli hii ilitamba kwenye kambi za mazoezi kwa miongo mingi, na baadhi ya makocha waliichukulia hedhi kuwa kero inayomalizwa na kazi ngumu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati michezoni, ikieleza kwamba hudhuru hedhi, mifupa, kinga, moyo na uwezo wa kushindana, tena kwa wanaume pia.

Kenya, nchi ya wakimbiaji, ina habari zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha wasichana wakimbiaji wa mbio za kati na ndefu na wenzao wasiokimbia. Karibu mmoja kati ya watatu wa wakimbiaji alikuwa na matatizo ya hedhi, kiwango kilichozidi cha wenzao. Chanzo si mbio zenyewe. Msichana anayeamka alfajiri kukimbia kilomita 15, akarudi kwenye chai na mkate kisha shuleni, anatumia kuliko anachoingiza. Akiongezewa chakula, mara nyingi mzunguko hurudi bila kuacha mbio.

Hasara kubwa iko mifupani. Estrojeni hulinda mifupa, na akiba ya mifupa ya maisha yote hujengwa hasa katika miaka ya ujana. Msichana anayekaa mwaka mzima bila hedhi akiwa na miaka 17 anapoteza miaka ambayo haijirudii. Ufa mdogo kwenye mfupa wa mguu usiopona ni sababu tosha ya kocha kumuuliza kuhusu siku zake, au kumtafuta mtu ambaye msichana huyo ataweza kumwambia.

7. "Hedhi imekatika, siwezi kushika mimba."
SI KWELI.

Yai hutoka kabla ya damu. Mwili ukirudi kazini, yai la kwanza hutangulia hedhi ya kwanza kwa wiki mbili hivi. Mwanamke asiyejikinga kwa kuwa "hana siku" anaweza kubeba mimba bila kuona tone la damu, akaja kugundua akiwa na miezi mitatu. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kwa yeyote aliyekosa hedhi, hata kama amekonda vipi, ni cha mimba.

Mama anayenyonyesha ana kanuni yake ya kipekee. Kama mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila kupewa kitu kingine, na hedhi haijarudi, kinga ni ya asilimia 98 hivi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haipo tena.

8. "Nikipewa vidonge vya majira, mzunguko utarudi."
SI KWELI.

Damu inayotoka mwisho wa pakiti ya vidonge haitokani na yai. Ni ukuta wa kizazi unaobomoka kwa sababu homoni za vidonge zimesitishwa kwa siku chache. Vidonge kazi yake ni kulizuia yai lisipevuke, kwa hiyo haviwezi kuwa dawa ya yai lisilopevuka. Mwanamke aliyekonda huweza kuvitumia miaka mitatu akidhani amepona, kumbe tatizo limefunikwa tu, na siku akiviacha hurudi palepale.

Mwongozo wa chama cha Endocrine Society cha Marekani wa mwaka 2017 ulisema wazi: wasipewe vidonge vya majira kwa lengo la kurudisha hedhi au kuimarisha mifupa pekee. Tiba ya kwanza ni kuziba pengo la nishati, pamoja na msaada wa kisaikolojia kwa mwenye hofu ya chakula au msongo. Ikiwa juhudi hizo zimekwama na mifupa iko hatarini, wataalamu huweza kumpa estrojeni ya kubandika kwenye ngozi pamoja na projesteroni kwa muda. Anayetaka vidonge kwa ajili ya kupanga uzazi ana haki yake, mradi ajue kazi yake ni hiyo.

9. "Kupunguza uzito husaidia yai kupevuka."
KWELI, kwa baadhi.

Wanawake wengi wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa ovari uitwao PCOS hawapevushi yai mara kwa mara, kwa sababu insulini na homoni za kiume zimepanda. Kwao, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha yai. Mwenye kilo 90 hahitaji kufika 60, kilo 4.5 hadi 9 zinaweza kutosha. Dawa mpya zinazoshusha uzito, kama Ozempic na Wegovy, zimewaletea wengine mimba wasiyoitarajia kwa sababu hiyohiyo. Dawa hizo hazifai wakati wa ujauzito, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha wanaozitumia wawe na njia madhubuti ya uzazi wa mpango.

Balaa huanza ushauri huo unapomfikia asiyestahili. Mwanamke mwembamba aliyekosa hedhi anapigwa altrasaundi, ovari zake zinaonekana na vifuko vingi vidogo, anaandikiwa "PCOS" na kuambiwa apungue. Lakini vifuko hivyo huonekana pia kwa wanawake wengi ambao ovari zao zimelala kwa kukosa nishati. Huyu akipunguza zaidi, anazidi kujifungia mlango. Kabla ya kulikubali jina la ugonjwa, uliza homoni zako zinasemaje. Kwa aliyepungukiwa nishati, LH na estrojeni kwa kawaida huwa chini. Mwenye PCOS mara nyingi huonyesha dalili za homoni za kiume, kama ndevu, chunusi sugu, au vipimo vya damu vilivyopanda.

10. "Kufunga Ramadhani huzuia yai."
INATEGEMEA MEZA YA USIKU.

Kukaa mchana bila chakula si sawa na kukaa siku nzima bila chakula cha kutosha. Anayefuturu kwa uji, tambi, mihogo ya nazi na samaki, akala daku yake, anaweza kuumaliza mwezi bila kupungua. Wa kujiangalia ni yule aliyeifanya saumu kuwa dayati: anafungua kwa tende na maji, analala bila daku, na saa za jioni anazimalizia kwenye mazoezi. Akiwa tayari mwembamba au mzunguko wake umeshayumba, mwezi wa namna hiyo unaweza kumsukuma zaidi.

11. "Nikiongeza uzito, hedhi hurudi mwezi huohuo. Isiporudi, kizazi kimekufa."
SI KWELI, mara mbili.

Mapigo ya LH hushuka ndani ya siku chache, lakini mzunguko mzima huchelewa kujijenga upya. Wengine huona hedhi baada ya wiki kadhaa, wengine baada ya miezi 6 au zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wasichana waliougua anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, ulionyesha kwamba kwa wastani hedhi ilirudi kwenye uzito uliozidi kwa kilo 2 hivi ule ambao hedhi ilikatikia. Kwa hiyo kurudi tu kwenye kilo za siku ile ilipokatika huenda kusitoshe. Mwili hudai nyongeza kidogo ya uhakika.

Kuhusu kizazi kufa, historia ina jibu. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, magharibi mwa Uholanzi ilikatiwa chakula wakati wa utawala wa Wajerumani, na mgawo wa mijini ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Hedhi za wanawake wengi zilikatika, na miezi 9 baadaye watoto waliozaliwa walipungua kwa karibu nusu. Chakula kilirudi Mei 1945, na mimba zikarudi nacho. Mayai yalikuwepo wakati wote, kilichokuwa kimezimwa ni amri ya kuyapevusha.

Anayetaka mtoto haraka hutamani sindano au vidonge vya kupevusha yai. Mwongozo ule wa Endocrine Society wa 2017 unashauri kwanza BMI ifike angalau 18.5, kwa sababu mimba inayoanza kwenye uzito pungufu ina hatari zaidi ya kuharibika, ya mtoto njiti na ya mtoto mwenye uzito mdogo.

12. "Ni uzito tu, hakuna haja ya kwenda hospitali."
SI KWELI.

Kukonda na kukosa hedhi vikija pamoja, si lazima kimoja kiwe mzazi wa kingine. Vyote viwili vinaweza kuwa watoto wa ugonjwa mmoja. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hukondesha na kuvuruga hedhi. Kifua kikuu hukondesha, na katika nchi zetu huweza kuingia hadi kwenye mirija na kizazi. VVU visivyotibiwa, kisukari, na magonjwa ya tumbo yanayozuia chakula kufyonzwa nayo yamo. Mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha akakosa maziwa na hedhi, huenda pituitari yake imeumia. Na aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango asishangae yai likichelewa kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, baada ya sindano ya mwisho.

Nenda kwa daktari kama hedhi iliyokuwa ya kawaida imekatika kwa miezi 3, au kama mizunguko yako imezidi siku 45. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe. Tegemea vipimo vya mimba, vya tezi ya shingo, prolaktini, FSH, LH na estrojeni, na ikiwa hedhi imekosekana miezi 6 au zaidi, kipimo cha uimara wa mifupa pale kinapopatikana.

Nenda na karatasi yenye mambo manne: tarehe za hedhi unazozikumbuka, uzito wako wa mwaka jana na wa leo, unachokula siku ya kawaida bila kupamba, na dawa zote unazotumia, pamoja na chai za kupunguza tumbo. Karatasi hiyo itamfikisha daktari kwenye jibu haraka kuliko altrasaundi peke yake. Na kama mnatafuta mtoto, mume naye apimwe mbegu siku hiyohiyo, asisubiri nyumbani hadi mke amalize vipimo vyote.